Inua Juu, Waone

Kilima kiliporomoka mchana kweupe, wakati mwenye nyumba iliyokuwa chini yake yuko kanisani akichambua nguo za kuwapa waliokumbwa na mafuriko.

Mvua ilikuwa imenyesha juma zima bila kuvuta pumzi. Mto ulikuwa umeingia kwenye nyumba za bondeni, na watu wa huko walilala kwenye madarasa ya shule ya Jumapili, wazee kwa watoto, wamebanana kama ndizi kwenye tenga. Kamati ya huruma ilikuwa na kazi, na kamati ikiwa na kazi, Mama Mwenyekiti alikuwa na raha. Haikuwa raha mbaya. Alikuwa mwanamke wa kusimama imara, mwenye sauti iliyofika nyuma bila kipaza sauti, na katika mtaa ule hapakuwa na mgonjwa wala mfiwa ambaye hajawahi kula chakula chake. Ila hapakuwa pia na aliyewahi kupewa sahani yake bila kupewa ushauri pembeni, kama mboga.

"Sketi huku, mashati kule," alikuwa akisema. "Na hii iliyochanika kaleta nani? Jamani, maskini naye ana kioo."

Ndipo Kisigino alipotokea mlangoni. Alikuwa fundi viatu wa mtaa, na jina hilo alipewa na wateja zamani, hata mkewe alikuwa akilitumia akikasirika. Alikuwa amelowa chapachapa. Hakuvuka kizingiti, ilikuwa miaka sasa tangu avuke kizingiti kile. Alitoa misumari mdomoni kwanza, akaishika kiganjani.

"Kilima kimeshuka," alisema.

"Wapi?"

"Juu kule, kwenye njia ya tangi la maji."

Mama Mwenyekiti alikuwa tayari amejifunga kanga kiunoni. "Haya! Katibu, tazama tumebakiwa na blanketi ngapi. Wewe, chemsha maji ya chai. Kuna aliyeumia? Hakuna? Bwana asifiwe. Walioathirika ni akina nani?"

Kisigino alitazama misumari yake.

"Ni nyinyi, mama."

"Sisi akina nani?"

"Wewe na mzee. Mzee ni mzima, alikuwa kwangu tunacheza drafti. Lakini nyumba, mama... nyumba hakuna."

Wanawake wote waliacha kukunja nguo. Mama Mwenyekiti alibaki ameshika shati la mtu mkononi, akalikunja vizuri, mkono huu, mkono ule, kola juu, akaliweka kwenye rundo la mashati. Kisha akatoka mbio kwenye mvua bila mwavuli.

Alipofika juu, tope lilikuwa limemvua viatu vyote viwili. Pale palipokuwa na sebule na makochi yake ya vitambaa vyeupe palikuwa na mlima mwekundu, umetulia, kama uliokuwapo siku zote. Kitu pekee kilichosalia kilikuwa choo cha nje, kimesimama wima kama askari ambaye hakuambiwa kwamba vita vimekwisha.

Mumewe alikuwa amesimama kando ya choo hicho. Watu walimwita Mzee Treni, kwa sababu aliendesha treni za mizigo mpaka alipostaafu, na kazi hiyo ilimwachia imani kwamba kila kitu hatimaye hufika, hata kikichelewa.

"Mama watoto," alisema, "choo kipo. Tuanzie hapo."

Mama Mwenyekiti hakucheka. Lakini alimshika mumewe mkono mbele za watu, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

Swali la pa kulala lilianza palepale. Madarasa yalikuwa yamejaa. Nyumba ya mchungaji ilikuwa na familia za watu hadi jikoni. Katibu wa kamati, mdogo wake kidogo kwa umri, aliyependa viatu virefu na mambo yaliyonyooka, alikuwa na nyumba kubwa kuliko wote waliokuwapo, naye alishika shavu kwa huruma.

"Mungu wangu, ningewachukua kwangu sasa hivi. Tatizo vyumba vya wageni vimepakwa rangi juzi. Ile harufu haifai kwa kifua cha mzee."

"Kifua changu?" aliuliza Mzee Treni. "Kifua changu kimekula moshi wa injini tangu ujana."

"Ndiyo maana," alisema Katibu.

Mama Dobi, mke wa Kisigino, naye alikuwa amefika, beseni tupu kichwani likiwa ndilo mwavuli wake. Alifulia nguo nusu ya mtaa ule, zikiwemo za Katibu.

"Mama, twendeni kwangu," alisema.

"Mwanangu," alisema Mama Mwenyekiti taratibu, "nyumba yako ina vyumba viwili."

"Na nyinyi ni wawili. Hesabu imekubali."

"Nashukuru sana, binti yangu," alisema Mzee Treni, ameshaanza kuteremka. "Choo tukibebe, au unacho?"

*

Vyumba viwili vya Kisigino vilikuwa nyuma ya kibanda chake cha viatu. Kimoja kilikuwa na kitanda, kabati na pazia. Kingine kilikuwa na meza, viti, pasi ya mkaa na marundo ya nguo za watu zilizosubiri kupigwa pasi. Ndani kulinukia sabuni na gundi, na mvua ikipiga bati juu, mtu alilazimika kupaza sauti hata kuomba chumvi.

"Kitanda ni chenu," alisema Mama Dobi.

"Haiwezekani," alisema Mama Mwenyekiti. "Sisi tutalala chini."

"Chini tunalala sisi na mtoto. Ndiyo sehemu yenye joto."

"Mwanangu, siwezi kumtoa mtu kitandani kwake."

"Hunitoi, mama. Nimetoka."

"Basi tulale sote chini."

"Na kitanda kilale na nani?"

Wangeendelea hivyo mpaka jua lichomoze, lakini mkoromo mzito ukasikika nyuma ya pazia. Mzee Treni alikuwa ameshajitupa kitandani na kujifunika hadi kidevuni, uso wake umetulia kama wa mtoto aliyenyonya akashiba.

Binti wa Mama Dobi, mwanafunzi wa sekondari mwenye kicheko cha karibu, aliziba mdomo kwa daftari. Mama Mwenyekiti alikwenda kulala ukingoni mwa kitanda, akiwa na nguo zake zote, kama mtu anayesubiri kuitwa.

*

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mama Mwenyekiti hakusubiri. Jembe alijipa mwenyewe siku ya kwanza. Alifagia uwanja kabla jogoo hajawika. Alipanga upya sufuria za Mama Dobi, kubwa chini na ndogo juu, hata Mama Dobi akawa anatafuta mwiko nyumbani kwake kama mgeni. Alimwambia Kisigino kwamba gundi isiachwe wazi, na akamwambia binti kwamba msichana hasomi huku amelala kifudifudi.

Kufanya, alifanya. Kupokea ndiko kulikomshinda. Mama Dobi alimpa gauni lake la maua, safi, lililopigwa pasi. Akasema asante mwanangu, hili langu linatosha. Hilo lake likawa linafuliwa jioni na kuvaliwa alfajiri likiwa bado na maji, na siku iliyofuata akaanza kukohoa. Viatu vya Kisigino, vyeusi vya kamba, vilivyomzidi kama mitumbwi, alivikubali kwa sababu tu hakuna mwenyekiti anayekwenda kikaoni pekupeku. Mezani alichota vijiko vitatu, akafuta mdomo.

"Nimeshiba. Mungu awabariki."

"Bibi," alisema binti, "tumbo lako halijashiba. Nimelisikia likilalamika."

"Wewe!" alisema Mama Dobi, lakini macho yake yalikuwa kwenye ile sahani.

Mzee Treni, kwa upande wake, alikula, akaongezwa, akaomba tena. Alivaa shati la Kisigino na kusema linamfanya kijana. Kutwa alikaa kibandani akijifunza kushona soli, akajichoma sindano na kuimba nyimbo za zamani za reli, na wateja waliokuja kuchukua viatu wakakaa kumsikiliza.

"Mzee," Kisigino alimuuliza siku moja wakivuta uzi, "mama ana nini? Tumemkosea?"

"Hamjamkosea. Yule anajua kutoa. Kupokea hajafundishwa."

"Si wanasema kutoa ni moyo?"

"Kutoa ni moyo. Kupokea ni shingo, lazima ipinde." Mzee alikata uzi kwa meno. "Ya mke wangu ina chuma ndani. Mimi nimeishi nayo, naijua."

*

Ijumaa asubuhi mvua ilikatika. Mama Dobi alikuwa uani, mikono imo kwenye povu hadi viwikoni, Mama Mwenyekiti alipotoka na kifurushi kidogo.

"Mwanangu, Mungu amefungua njia. Nimezungumza na mlinzi wa kanisa. Kile chumba cha stoo kina nafasi. Mimi na mzee tutahamia leo."

"Stoo ile ya mafagio?"

"Tutasogeza mafagio."

Mama Dobi alikamua shati. Alilikamua likaisha maji, akaendelea kulikamua.

"Mama, chumba changu kinanuka?"

"Hapana! Jamani, sijasema hivyo."

"Basi kaa nikuulize. Unaikumbuka siku jiko langu lilipolipuka?"

"Nakumbuka vizuri. Tulikupa blanketi na sufuria."

"Mlinipa kanisani, mbele ya watu wote, nywele zangu zimeungua upande mmoja. Ukaniambia, 'Inua juu, waone.' Nikainua. Ukasema, 'Juu zaidi, wa nyuma nao waone.' Mwanangu alikuwa ameshika sketi yangu. Mume wangu akatoka nje, na ndani hajaingia mpaka leo."

Mama Mwenyekiti aliweka kifurushi chini. "Sikujua."

"Ungejuaje? Ulikuwa unatazama blanketi."

Maji yalidondoka kutoka kwenye kamba ya nguo. Mama Dobi hakuwa amepaza sauti, wala hakuwa na mpango wa kusema maneno yale. Yalikuwa yamekaa muda mrefu na sasa yalitoka yenyewe, yamenyooka, kama nguo iliyokwishapigwa pasi.

"Lakini lilikuwa blanketi zito, mama. Mtoto alilala akatoka jasho. Nikasema, Bwana, nimemsamehe kwa ajili ya blanketi. Na nilikusamehe kweli, sikudai. Sasa leo mimi nina kitanda. Nimekupa kitanda, unakilalia ukingoni kama kuku kwenye waya. Nimekupa gauni, unavaa maji. Nimekupa chakula, unakipapasa. Mimi sijakuambia uinue kitu juu. Nimekuambia ule tu."

Mama Mwenyekiti alitafuta mahali pa kukaa, akakalia beseni lililopinduliwa.

"Mikono ilikuuma?" aliuliza.

"Iliniuma mpaka kwapani."

"Nilisema 'juu zaidi'?"

"Kwa kipaza sauti."

"Yesu wangu."

Mabega yake yalianza kutikisika. Mama Dobi alifuta mikono haraka, akijua amemliza mtu mzima. Na kweli alikuwa analia, machozi yakimtoka. Lakini katikati ya machozi kitu kingine kilikuwa kikipanda, kikamshinda kukizuia. "Blanketi zito vile!" alisema. "Lile la watu wawili! Na mimi nasema juu zaidi!" Akapiga paja lake. Mama Dobi alijikaza, akashindwa, akaketi chini palepale kwenye povu. Kisigino na Mzee Treni walitokeza vichwa kibandani wakawakuta wameshikana, wanacheka na kulia kwa pamoja, na hakuna hata mmoja aliyeweza kueleza.

"Mwanangu," alisema Mama Mwenyekiti alipopata pumzi, "nina njaa."

Aliletewa wali wa jana, akala kwa mkono, kutoka sufuriani, bila kumshauri mtu. Kisha akavaa gauni la maua. Lilimfika magotini na kumpwaya mabegani.

Mzee Treni alipiga mluzi. "Fundi, njoo uone. Nimeoa tena."

*

Jumapili jua lilitoka kama deni lililolipwa. Kanisa lilijaa hadi barazani, wa bondeni upande mmoja, wenyeji upande mwingine, bila mtu kuwaambia wakae hivyo. Baada ya mahubiri, Katibu alisogea mbele kwa viatu vyake virefu. Alikuwa ameandaa kila kitu kama alivyofundishwa: meza ndefu, ndoo zenye sabuni na sukari na mablanketi, kipaza sauti, na kijana wa kwaya mwenye simu ya kupigia picha.

"Kwa heshima," alisema, "wa kwanza ni Mama Mwenyekiti wetu mwenyewe, atuoneshe mfano."

Mama Mwenyekiti alikwenda mbele kwa gauni la maua. Alikabidhiwa ndoo.

"Inua juu, mama, waone!"

Katika viti vya nyuma, binti alifumba macho. Mama Dobi aliangalia vidole vyake.

Ndoo haikupanda. Mama Mwenyekiti aliishika kwa mpini kando ya paja, kama mtu anayetoka kisimani.

"Katibu, mwanangu," alisema, na hakuhitaji kipaza sauti, "haya nilikufundisha mimi, na nilikufundisha vibaya. Mikono inauma." Akaiweka chini. "Na wewe, rudisha hiyo simu mfukoni. Jamani, nimelala kitandani kwa Mama Dobi juma zima, na hakuna aliyepiga picha. Sasa nataka kuomba kitu. Sijawahi kuomba hapa mbele, kwa hiyo nikikosea mnivumilie. Naomba viatu. Hivi ni vya Kisigino."

Akainua mguu.

Mzee mmoja wa bondeni ndiye aliyeanza kucheka, na kicheko chake kilivuka njia ya katikati na kuwashika wenyeji. Mchungaji alificha uso nyuma ya kitabu chake cha nyimbo.

"Mwingine anayetaka kitu aseme," aliendelea Mama Mwenyekiti. "Aseme akiwa amekaa. Asije mbele."

Kisha yule mzee aliyecheka akasema, "Mimi blanketi ninalo. Nataka wembe. Najiona kama mbuzi." Kinyozi alijibu kutoka upande wa pili kwamba amngoje nje baada ya ibada. Mama mwenye mapacha akasema anaomba mtu wa kuwashika, alale kidogo tu, na wanawake watano wakasimama kwa mara moja wakakaribia kugombana. Mtoto akaomba mpira. Mama Dobi akaomba mtu wa kumsaidia kuanika. "Ila asiwe mwenyekiti," akaongeza, "ananipangia vibanio."

Kisha mama mmoja wa kwaya akasimama, kavaa vizuri, nyumba yake iko mahali pakavu.

"Mimi maji hayajanifikia," alisema. "Lakini tangu mume wangu alipofariki nakula nikitazama ukuta. Naomba watu wa kula nao."

Hapo watu hawakucheka. Familia moja ya bondeni, baba, mama na watoto, ilitazamana. "Sisi tunakula, dada," alisema yule baba kwa haya. "Tena tunakula sana."

"Ndiyo ninaowataka," alisema yule mama, na kanisa likalipuka.

Kilichotajwa kuliko vyote kilikuwa viatu. Tope lilikuwa limewavua watu wa bondeni kama lilivyomvua Mama Mwenyekiti, na wengi walikuwa wameficha miguu chini ya viti. Mzee Treni aliinama, akafungua kamba, akavisogeza viatu vyake njiani kwa kidole. Mwalimu wa kwaya akafuata. Kisha ikawa kama mvua tena, viatu vikiburutwa sakafuni kutoka kila upande.

"Nani atajua kipi kinamfaa nani?" aliuliza mchungaji, naye akiwa na soksi tu.

Kisigino alikuwa barazani, ameleta mabenchi ya kuongezea. Mama Mwenyekiti aliteremka katikati ya kanisa mpaka mlangoni, akasimama upande wake wa kizingiti.

"Baba," alisema kwa sauti ndogo, ambayo wengi walikuwa hawajawahi kuisikia, "nilimwaibisha mkeo hapa, na wewe ukaona. Naomba unisamehe."

Kisigino alijikuna shingo. "Mama, umevaa viatu vyangu. Ugomvi uko wapi tena?"

"Basi ingia. Watu wana miguu."

Akaingia. Alipiga magoti kati ya viti, akawa anashika nyayo za watu mojamoja, anazipima kwa kiganja na kuita: huyu apewe vya mwalimu, huyu vya mzee, hiki kipigwe msumari kwanza, usikivae. Kwaya ilianza wimbo bila kuambiwa, na nyundo yake ikawa inaingia humo humo. Mama Dobi alisimama akimwangalia mumewe akiwa ndani, akasahau kuimba.

Nyumba ya Mama Mwenyekiti ilijengwa baadaye, kiangazi, mahali tambarare, na waliochanganya udongo wake walikuwa watu wa bondeni. Lakini Jumapili ile hakuna aliyeitaja. Wenyeji walitoka kanisani pekupeku, wakubwa kwa wadogo, wakipiga kelele kama wanafunzi waliofunga shule.

Katibu ndiye aliyebaki barazani. Viatu vyake virefu alikuwa amevitoa wa mwisho, baada ya kuvitazama sana, na msichana mmoja wa bondeni alikuwa akitembea navyo uwanjani, magoti yamepinda, anacheka kwa furaha. Katibu alilitazama tope, akaitazama miguu yake yenye rangi kwenye kucha.

"Nitaanguka," alisema, bila kumwambia mtu.

Mama Dobi alirudi hatua chache, akamnyooshea mkono.

"Nishike kweli. Usiniache."

"Nimekushika."

Katibu alishusha mguu mmoja, akapiga ukelele, akashusha wa pili. Tope likapenya kati ya vidole. "Kumbe lina joto," alisema kwa mshangao. Waliambatana hivyo taratibu kwenye njia yenye jua, mmoja amening'inia kwenye mkono wa mwenzake, nyuma ya wengine wote.

"Mama Dobi," alisema walipokaribia kibanda, "leo umepika nini?"

"Wali."

"Utatosha?"

"Hautatosha," alisema Mama Dobi. "Njoo tu."